Baada ya RN Twende Wapi? Wauguzi Wetu wa Marekani na Uamuzi wa Kurudi Darasani

Zamani kidogo, Mswahili aliyefika Marekani na kuuliza kazi gani inapatikana haraka alijibiwa neno moja tu: CNA. Wiki chache za kozi, mtihani, na mtu yuko kwenye nyumba ya wazee anageuza wagonjwa, anawaogesha na kuwalisha. Waliokuwa na pumzi walisonga mbele wakawa LPN, kisha RN, sherehe zikafanyika na picha zikatumwa nyumbani. Siku hizi swali limehama. Kuanzia Houston na Dallas hadi Minneapolis, Seattle na Lowell, ndugu zetu wengi wameshakuwa RN na wana shahada ya kwanza mkononi. Wakikutana, iwe harusini au msibani, mazungumzo ni yale yale: unasomea NP? Umejiandikisha chuo gani? Fulani amemaliza, sasa anapokea kiasi gani?

Tumeona tuandike kuhusu jambo hili kwa sababu watu wengi wanachagua ubingwa kwa njia ile ile waliyochagulia CNA, yaani kwa kusikia. Ukikosea CNA umepoteza wiki chache. Ukikosea shahada ya uzamili umepoteza miaka 2 au 3, na deni unabaki nalo. Maoni yetu tuyaseme mapema: angalia kwanza kazi yenyewe utakayoifanya kila siku, na jimbo utakaloifanyia, halafu ndipo uangalie mshahara.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Marekani inatambua aina 4 za wauguzi wa ngazi ya juu. Wa kwanza ni NP, muuguzi anayempima mgonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo hayo ili watoto wa vijijini wapate huduma. Bibi Ford alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 104, kwa hiyo aliishi kuona mbegu yake ikiwa msitu. Ukitaka kumweleza mama nyumbani NP ni nani, mwambie ni mtu kama tabibu, ila huyu ametokea kwenye uuguzi. Wa pili ni CRNA, anayetoa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji. Wa tatu ni mkunga, na wa nne ni muuguzi bingwa wa kliniki, ambaye mara nyingi hukaa hospitalini akisimamia ubora wa huduma na kuwaelekeza wauguzi wenzake.

Hapo kwenye ukunga ndipo wengi wanaotoka nyumbani hushangaa. Muuguzi aliyesomea Tanzania au Kenya amefundishwa uuguzi na ukunga pamoja, na pengine amezalisha akina mama mamia kwa mikono yake mwenyewe. Akifika Marekani na kupata leseni ya RN anaweza kufanya kazi wodi ya wazazi, lakini kuzalisha kama mkunga haruhusiwi. Kwa leseni ya muuguzi mkunga inabidi asome shahada ya uzamili na kufaulu mtihani wa bodi yao. Tunawajua akina dada waliokata tamaa hapo wakaenda kusoma kitu kingine kabisa. Sisi tunasema kama ukunga ndio uliokutoa nyumbani, usiuache kwa hasira. Mikono yako inaijua kazi, na darasani utaona tofauti kati yako na mwanafunzi ambaye hajawahi kushika mtoto aliyezaliwa dakika hiyo.

Sasa pesa, maana tusipozitaja tutaambiwa tunakwepa. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kuwa RN wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu, alipata dola 93,600 kwa mwaka. NP alipata dola 129,210, mkunga dola 128,790, na CRNA dola 223,210. Ukitazama haraka utasema kila mtu akimbilie CRNA. Lakini ndugu msomaji, chukua kalamu. Kati ya RN na NP tofauti ni dola 35,610 kwa mwaka kabla ya kodi. RN analipwa kwa saa, na akiongeza shifti ya 4 kila wiki anapata ovataimu. NP wengi wanalipwa mshahara wa mwaka usiobadilika, na anayeanza huanzia chini ya hapo. Ndiyo maana unamkuta NP mpya analalamika kwamba mwaka wake wa kwanza ameingiza pungufu kuliko alipokuwa RN wa usiku mwenye shifti za ziada. Hakudanganywa na mtu. Hesabu hiyo hakuipiga kabla, basi.

CRNA nako kuna bei yake. Lazima uwe umefanya kazi angalau mwaka mmoja mzima kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na vyuo vingi hupendelea wenye miaka zaidi. Tangu Januari 2022 kila anayeanza masomo hayo anaingia moja kwa moja kwenye shahada ya uzamivu, na masomo hayapungui miezi 36. Vyuo vingi vinakushauri usifanye kazi kabisa muda huo, vingine vinakukataza. Miaka 3 bila mshahara wa RN ni kama dola 280,800 ambazo hazikuingia nyumbani, ukiacha ada. Na kwetu sisi mshahara hauna mwenyewe mmoja. Kuna karo ya mdogo wako Morogoro, kuna dawa za mzee, kuna kiwanja kinachosubiri kumaliziwa. Anayetaka njia hii akae kwanza na mwenzi wake na akae na simu ya nyumbani, aseme wazi kwamba kwa miaka 3 mkono utakuwa mfupi. Wapo waliofanya hivyo na leo wanalipa deni bila shida. Waliojaribu kusoma huku wakituma kama zamani ndio waliopata taabu.

Basi wengi huishia kwenye NP, na kati ya NP wengi huchagua ile ya familia, kwa maneno kwamba hiyo inafungua milango yote. Inafungua mingi, ni kweli, ila si yote. Mafunzo ya familia yanakuandaa kwa kliniki: shinikizo la damu, kisukari, chanjo za watoto, kikohozi. Ukitaka kuwahudumia mahututi hospitalini kuna mkondo mwingine wa watu wazima na wazee kwa magonjwa makali, na hospitali nyingi sasa zinadai cheti cha mkondo huo. RN aliyekaa miaka 8 ICU, anayependa mashine na mwendo wa haraka, akisomea familia atajikuta kwenye chumba kidogo akiona wagonjwa 20 kwa siku na kuandika kumbukumbu zao hadi saa mbili usiku nyumbani kwake. Wengine hurudi tena chuoni kuchukua cheti cha ziada baada ya uzamili ili wabadilishe mkondo. Hiyo ni ada mara ya pili kwa swali ambalo lingeulizwa mara ya kwanza.

Mkondo wa afya ya akili ndio unaovuma zaidi katika jamii yetu sasa hivi, na hapa tungependa kukaa kidogo. Wapo wanaoufuata kwa sababu kazi nyingine hufanyika kwa kompyuta mtu akiwa nyumbani. Sawa. Lakini kuna sababu kubwa zaidi inayotuhusu sisi wenyewe. Kwa miaka mingi kati ya 2016 na 2024, Kongo ilikuwa nchi inayoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili waliopita kwenye vita na kambi. Mama wa Kivu akifika kliniki hasemi ana sonona. Anasema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, mwili wote unamuuma, usingizi hauji. Mkalimani wa simu anatafsiri neno kwa neno, na daktari anaandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya mwili na anafikiri sana. Msemaji wa Kiswahili aliyesomea afya ya akili angejua palepale kwamba neno "mawazo" limebeba mzigo gani. Na kwa upande mwingine, anajua pia jinsi watu wetu wanavyoogopa kuonekana kwenye kliniki ya "wendawazimu", hata akimwona mgonjwa wake kwenye harusi atajua ajifanye hamfahamu. Kazi hii inataka masikio na subira. Ambaye hana subira ya kumsikiliza mtu dakika 40 asiifuate kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani.

Jambo linalosahauliwa mno ni jimbo. Leseni ya RN ya majimbo mengi inatambulika katika majimbo zaidi ya 40, lakini haikubebei leseni ya NP, hiyo unaiomba jimbo kwa jimbo. Na mamlaka yako yanabadilika ukivuka mpaka. Washington, Minnesota, Maryland na Massachusetts zinamruhusu NP kufanya kazi na kuandika dawa bila mkataba wa daktari, ingawa baadhi ya majimbo hutaka kwanza kipindi cha usimamizi kwa anayeanza. Texas na Georgia, ambako ndugu zetu wamejaa, zinataka mkataba na daktari, na mara nyingi daktari huyo analipwa kila mwezi. Kama ndoto yako ni kufungua kliniki yako mwenyewe Houston, gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu leo. Tumesikia wanaosema watahama baadaye. Watoto wakishazoea shule na nyumba ikishanunuliwa, kuhama huwa maneno tu.

Kuhusu vyuo tutasema machache lakini kwa ukali. Angalia kama programu imeidhinishwa na CCNE au ACEN, na kwa dawa ya usingizi au ukunga angalia chombo chao cha ithibati. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashitaka dhidi ya watu 25 katika sakata la vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyotoka katika vyuo vitatu vya Florida. Leseni zilifutwa katika majimbo mbalimbali. Ukiambiwa kuna njia ya mkato, kumbuka sakata hilo.

Swali la pili la kukiuliza chuo kabla ya kulipa hata senti: nani atanitafutia msimamizi wa mafunzo ya vitendo? Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka NP apate saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Vyuo vingi vya mtandaoni vinamwachia mwanafunzi ajitafutie mwenyewe. Mtu anamaliza nadharia, halafu anakaa miezi anapiga simu kliniki moja hadi nyingine, na wengine huishia kulipa maelfu ya dola ili wasimamiwe. Hapa jamii yetu ina nguvu ambayo haijatumiwa vizuri. NP Mswahili aliyekwisha kupata uzoefu akimpokea dada au kaka mmoja tu kwa mwaka, ameokoa nyumba nzima.

Mikopo nayo imebadilika, na hili ni la haraka. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inaondoa mkopo wa serikali wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na inaweka ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na jumla ya dola 100,000 kwa masomo ya uzamili na uzamivu yasiyohesabiwa kuwa ya "kitaaluma". Wanaosomea udaktari na sheria wamewekewa ukomo mkubwa zaidi, dola 50,000 kwa mwaka. Novemba 2025 tafsiri iliyopendekezwa chini ya Wizara ya Elimu iliuacha uuguzi nje ya kundi hilo kubwa, na vyama vya wauguzi vikapinga. Kwa anayesomea NP taratibu huku akifanya kazi, ukomo huo unaweza kumtosha. Kwa CRNA ni kizingiti kirefu, na pengo litajazwa na mikopo ya benki yenye riba kali. Muulize ofisa wa fedha wa chuo akuandikie kwa maandishi unastahili nini kabla hujaacha kazi.

Zipo nafuu. Mwajiri anaweza kukulipia ada hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na hospitali nyingi zina mpango huo ingawa wafanyakazi hawauulizii. Mpango wa serikali wa Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayefanya kazi miaka 2 kwenye sehemu yenye uhaba au anayefundisha uuguzi. Unahitaji uraia au makaratasi ya ukaazi wa kudumu.

Wanaowaza kurudi nyumbani wana hesabu yao peke yao. Cheo cha NP kama kilivyo Marekani hakina pacha wake Tanzania, kazi inayofanana nayo hufanywa na matabibu. Mwenye uzamili au uzamivu anaweza kuhitajika zaidi kama mwalimu, mtafiti au kiongozi, katika vyuo kama Muhimbili na Aga Khan, na itabidi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, au kwa Kenya baraza la kule. Mkenya ana nafuu ya uraia pacha tangu katiba ya 2010. Mtanzania aliyechukua pasipoti ya Marekani hana, kwa hiyo aulizie vibali mapema. Na anayetaka kufundisha ajue tofauti ya uzamivu mbili za uuguzi: DNP ni ya utendaji, PhD ni ya utafiti, na vyuo vyetu vimezoea kuipima ya pili. Mwandikie mkuu wa idara ya chuo unachokitaka sasa hivi, kabla ya kujaza fomu ya Marekani, umuulize ataajiri mwenye shahada ipi.