Udi Hauondoi Mkojo wa Paka

Nyumba yenye paka, mgeni ndiye anayeinusa kwanza. Pua za wenyeji zimeshazoea. Nimefuga paka miaka mingi, na kila mmoja wao alipokojoa kwenye zulia nilipewa ushauri wa kila namna. Mwingine ulisaidia. Mwingine uliharibu zulia, na mwingine ungeweza kumdhuru paka mwenyewe.

"Fukiza udi, uvundo utaisha."

Si kweli. Moshi wa chetezo hukaa juu ya uvundo kwa saa chache tu, na mkojo umebaki palepale chini ya zulia. Bakteria wanaendelea kuivunja yurea iliyomo na kutoa amonia, ule ukali unaochoma pua. Paka ana pua kali kuliko yetu kwa mbali: ananusa alama yake chini ya udi wote huo na kurudi kukojoa hapohapo. Watu husema ana kisirani. Hana. Alama aliiacha, sisi hatukuifuta.

"Mwagia Jik, inamaliza kila kitu."

Si kweli, na hili naomba lisomwe mara mbili. Jik ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi za kloramini, ambazo huchoma macho na kifua, hasa katika chumba chenye dirisha dogo. Ukiongeza siki juu yake umezidisha hatari, maana hapo hutoka gesi ya klorini. Angalia pia dawa za kudeki zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Baadhi yake zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Paka hukanyaga sakafu mbichi, kisha hukaa akajilamba miguu.

"Siki na ndimu hazidhuru sakafu."

Inategemea sakafu. Asidi huituliza amonia, kwa hiyo siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inafaa kwenye vigae na vitambaa vingi. Lakini terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na kuta za nyumba kongwe za Unguja na Lamu zimepigwa lipu ya chokaa. Asidi hula chokaa. Nimeiona terazo iliyokuwa iking'aa kama kioo ikiwa na duara lililopauka karibu na mlango, na lile duara halikuletwa na paka, lililetwa na ndimu. Hapo tumia sabuni ya kawaida na maji mengi.

"Magadi na bekingi soda ni kitu kimoja."

Si kweli. Magadi, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, ni makali zaidi; huchubua mikono na kuharibu sufu na hariri. Bekingi soda ni ya upole. Inyunyize mwishoni, doa likishaoshwa, ilale usiku kucha, asubuhi uifagie.

"Maji ya moto ndiyo yanayotoa doa."

Si kweli. Mkojo wa paka, hasa dume, una protini nyingi, na joto huigandisha protini kwenye nyuzi za kitambaa kama yai kwenye kikaango. Maji ya moto sana huharibu pia vimeng'enya vilivyomo katika baadhi ya sabuni za unga, ambavyo ndivyo vinavyoila hiyo protini. Kwa hiyo: mkojo ukiwa mbichi, weka kitambaa kikavu juu yake na ukikandamize kwa uzito wako wote, bila kusugua, ubadilishe kitambaa mpaka kinachotoka kiwe kikavu. Kisha mimina maji baridi, ukandamize tena. Ndipo utie sabuni yenye vimeng'enya, mpaka ifike kule mkojo ulikofika, na uiache ifanye kazi saa nzima au zaidi. Godoro la sifongo hunywa mkojo mpaka ndani. Kufuta juujuu ni kupoteza sabuni. Ukishaliosha, lisimamishe juani, pande zote mbili.

"Doa lisipoonekana, limetoka."

Si kweli. Kuna wiki moja niliosha pembe moja ya zulia kila siku na uvundo haukuondoka. Jirani yangu ni wakala wa pesa za simu. Akaniazima ile taa yake ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Usiku nikazima taa za sebule, nikapiga magoti. Pale nilipokuwa nikisugua hapakuwa na kitu. Shubiri moja pembeni, kwenye mguu wa kochi na kitambaa cha nyuma yake, michirizi ya manjano hafifu iling'aa ikishuka mpaka sakafuni.

Michirizi ya wima ilinieleza jambo jingine: huyu hakukojoa, alinyunyiza. Paka shume huweka mipaka yake hivyo, na mkojo wake una felinini, inayovunjika kuwa harufu nzito ya salfa. Kuhasiwa huwaachisha wengi wao.

"Anakusudia kukukomoa."

Si kweli. Paka aliyezoea sanduku lake la mchanga akianza kukojoa ovyo, huenda sanduku ni chafu, au ana hofu, au anaumwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa hata tone huenda njia yake ya mkojo imeziba. Acha zulia, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.