Fahamu: Nani anaweka kanuni za usalama wa parachichi la Rungwe?

Parachichi la Hass linalovunwa Rungwe kwa soko la Ulaya hupita kwenye kanuni za aina mbili. Za kwanza ni za serikali. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara unadhibitiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kazi hiyo kuondolewa kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Umoja wa Ulaya nao una sheria yake: mabaki ya kiuatilifu kisichowekewa kiwango maalumu yasizidi miligramu 0.01 kwa kilo.

Za pili ni za wafanyabiashara. Mwaka 1997 wenye maduka makubwa ya Ulaya walianzisha mfumo wa kanuni za kilimo bora uitwao EUREPGAP, ambao tangu 2007 huitwa GLOBALG.A.P. Kisheria ni hiari. Kwa mkulima wa Tukuyu, wilayani Rungwe, si hiari hata kidogo, maana bila cheti chake wanunuzi wengi wakubwa hawagusi mzigo wake. Anatakiwa kuandika kila dawa aliyopuliza, tarehe na kipimo chake, kuifungia stoo, na kuwawekea wachumaji maji ya kunawa. Masharti hayo ni mema, na humlinda yeye kwanza. Kinachouma ni gharama ya ukaguzi. Wakulima wadogo hukaguliwa kwa kikundi, na cheti kikiwa cha kampuni inayosafirisha, anayetaka kumuuzia mwingine huondoka mikono mitupu. Kanuni hizo hazipiti bungeni.

Parachichi linalouzwa sokoni Tukuyu halidaiwi cheti hicho. Mlaji wa hapo anawategemea TBS na maofisa afya wa halmashauri.