Tiba ya akili yahitaji wahudumu mashinani

JAMAA za mtu anayeugua maradhi ya akili mashambani hubisha milango mingi kabla ya kumfikia daktari. Huanza kwa mganga au mhubiri, na wengine hufikia hatua ya kumfunga mgonjwa kamba nyumbani.

Tangu Hospitali ya Mathari ianzishwe jijini Nairobi mnamo 1910, tiba ya akili humu nchini imebaki kuwa huduma ya mijini. Madaktari wa taaluma hiyo ni haba, na kumfunza mmoja huchukua takriban miaka 10. Mnamo 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza tatizo hilo litangazwe dharura ya kitaifa.

Mataifa mengine yamekata kazi hiyo vipande. Nchini Zimbabwe, Dkt Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Wanawake hao waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakauliza maswali kwa Kishona na kumsaidia kila mmoja kutatua shida moja baada ya nyingine. Hawakutaja mfadhaiko, walizungumzia "kufikiria kupita kiasi", kama vile Mswahili asemavyo kwamba fulani ana mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulibaini kuwa baada ya miezi sita, asilimia 14 ya waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili za mfadhaiko, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kenya ina ushahidi wake. Matokeo ya utafiti uliowahusu wanawake 421 jijini Nairobi, wengi wao wakiwa wamewahi kudhulumiwa, yalichapishwa 2017. Waliopata vikao vitano na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo mafupi walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa ushauri wa kawaida na wauguzi.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wa kulipwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti. Walipewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Kusikiliza hakuhitaji mashine, lakini kunahitaji muda, na muda huo una gharama. Malalamishi ya malipo kuchelewa yamesikika mara kwa mara.

Mafunzo pekee pia hayatoshi. Mhamasishaji anayeambiwa na jirani kwamba anataka kujiua lazima awe na muuguzi au afisa wa kliniki wa kumpigia simu siku hiyo hiyo. Huyo naye lazima awe na dawa katika zahanati, kwa kuwa familia iliyotumwa huko ikarudi mikono mitupu haitatumwa mara ya pili. Itarudi kwa mganga.