Kiyoyozi peke yake hakikaushi ghala la mbegu

Kijana mmoja anayezalisha mbegu za maharage hapa Lushoto kaniuliza: "Bwana shamba, nikifunga kiyoyozi ghalani, mbegu zitafika vuli salama?" Kazianika vizuri hadi unyevu wa 13%. Sasa ukungu wa masika umeingia, na mbegu kavu hunyonya unyevu wa hewa. Zikishavunda, uotaji unashuka na wateja wanahama.

Nilimwambia asubiri kwanza. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuipoza mpaka itoe umande. Chumba kikiwa na nyuzi 20 na unyevu wa hewa 90%, kuufikisha 55% lazima hewa ipozwe hadi karibu nyuzi 11, kisha ipashwe tena. Unalipia umeme mara mbili! Tena kwa baridi yetu hii, kiyoyozi kinafikia joto ulilotegea mapema, kinajizima, unyevu unabaki palepale.

Viwanda vya dawa nje ya nchi hugawa kazi. Hewa hupitishwa kwanza kwenye vichujio vinavyotiririsha maji ya chumvi kali, ya kalsiamu kloraidi au lithiamu kloraidi. Chumvi inanyonya mvuke, kiyoyozi kinabaki na kazi ya kupoza tu. Maji yale yakizimuka hupashwa moto, mvuke utoke, yarudi kazini. Joto la jua linatosha, na lile linalotupwa nje na kiyoyozi linasaidia. Mimi ninachokipenda zaidi: siku ya jua unaandaa maji makali mengi, unayaweka tangini, unayatumia siku za ukungu.

Usijaribu na chumvi ya mezani. Hiyo haishushi unyevu chini ya 75% hivi, wakati kalsiamu kloraidi inaweza kufika karibu 30%. Na chumvi hizi zinakula chuma vibaya: mabomba na matangi yawe ya plastiki, na pawe na kizuizi cha matone yasirukie mbegu.

Wa kabichi na karoti, hii haiwahusu. Mazao yenu yanataka unyevu wa 95% na zaidi; mkiyakaushia hewa yatanyauka kabla ya kufika Kariakoo.

Kwa magunia yake 20, nimemshauri anunue mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, kiyoyozi akisahau. Mfumo wa chumvi na kiyoyozi nauona kwa kikundi chenye ghala moja kubwa na fundi wa kulisimamia. Kabla ya kununua chochote, wekeni kipima unyevu ghalani, msome asubuhi na jioni masika yote.