Tarehe iliyoamua nani amiliki bomu la nyuklia

NI mataifa gani yanayoruhusiwa kumiliki silaha za nyuklia? Jibu la sheria ya kimataifa linategemea tarehe moja: Januari 1, 1967.

Mkataba wa Kuzuia Usambazaji wa Silaha za Nyuklia, maarufu kama NPT, ulioanza kutumika mwaka 1970, hulitambua kuwa taifa la nyuklia lile tu lililokuwa limeunda na kulipua silaha hiyo kabla ya siku hiyo. Yakapatikana matano: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, ambayo ililipua bomu lake la kwanza Oktoba 1964. Wanachama wengine wote waliahidi kutounda wala kupokea silaha hizo.

Hata hivyo, mkataba humfunga aliyeuridhia tu. India, Pakistan na Israeli hazikujiunga kamwe, hivyo haziwezi kulaumiwa kwa kuuvunja. Korea Kaskazini ilijiunga 1985, ikatangaza kujiondoa 2003, kisha ikafanya jaribio lake la kwanza 2006 na kuwekewa vikwazo na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini, kinyume chake, ilibomoa mabomu yake sita ndipo ikajiunga 1991.

Wala yale matano hayakupewa ruhusa ya milele. Kifungu cha sita kinayataka yajadiliane kwa nia njema kuhusu kuziondoa silaha hizo, na mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwa kauli moja kwamba mazungumzo hayo sharti yafikishwe tamati. Hayajafikishwa. Kwa kuchoshwa na kungoja, mataifa mengine yalipitisha mwaka 2017 mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa. Ulianza kutumika 2021, bila taifa hata moja lenye bomu kujiunga.