Maumivu ya mgongo: Mkulima, tambua dalili mapema usije ukapoteza msimu

MSIMU wa kuvuna viazi unapowadia Kinangop, Ol Kalou na Molo, mkulima huhesabu gharama zote: mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, magunia na ujira wa vibarua. Kuna gharama moja ambayo haiandikwi daftarini, nayo ni mgongo.

Chukua mfano wa ekari moja inayotoa magunia 80 ya kilo 50. Hizo ni kilo 4,000. Kila gunia likiinuliwa mara tatu, yaani hadi kando ya barabara, kwenye mizani na kwenye lori, watu wameinua jumla ya tani 12.

Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 nchini Kenya haziruhusu gunia kuzidi kilo 50. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipendekeza mwaka wa 1967 kwamba mzigo abebao mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Hata hivyo, gunia lililoongezwa kilemba, maarufu kama ‘mukorino’, huweza kupita kilo 100. Mkulima hupunjwa, na mbebaji huumia.

Dalili za misuli

Misuli ya mgongo hujeruhiwa nyuzi zake zinapovutwa kupita kiasi au kuchanika. Hutokea mtu anapoinua mzigo huku amejipinda, anapoteleza matopeni, au anapolima kutwa akiwa ameinama.

Maumivu hukaa sehemu moja, mara nyingi kiunoni, na huenda yakafika makalioni. Huzidi mtu anapoinama au kugeuka, na hupungua anapopumzika. Misuli hukaza, na mahali penyewe huuma pakibonyezwa. Wengine hulala wazima, wakaamka kesho yake wakishindwa kufunga viatu.

Jeraha la aina hii kwa kawaida hupoa katika muda wa wiki chache. Kitambaa chenye maji baridi husaidia siku mbili za kwanza, kisha cha maji ya moto. Kulala kitandani siku nyingi hakufai. Mgonjwa atembee taratibu, ila asiinue mizigo. Kumeza dawa za maumivu ili kurudi kubeba magunia ni kuongeza jeraha, na baadhi ya dawa hizo huleta vidonda vya tumbo.

Si misuli pekee

Maumivu yakiteremka mguuni hadi chini ya goti, yakiandamana na ganzi au mguu kukosa nguvu, huenda mshipa wa neva umebanwa. Mtu huyo amwone daktari. Akipata ganzi sehemu za siri, au akishindwa kudhibiti mkojo au choo, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mfugaji anayeumwa mgongo huku ana homa na jasho la usiku apimwe brusela, ugonjwa unaoambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo wagonjwa. Kifua kikuu pia hushambulia uti wa mgongo, na mgonjwa hukonda. Maumivu ya ubavuni pamoja na homa na mkojo unaochoma yaweza kuwa ya figo.

Kinga ni nafuu

Mbebaji apige magoti badala ya kukunja kiuno, aukumbatie mzigo karibu na mwili, na ageuke kwa miguu. Gunia la kilo 50 libebwe na watu wawili au lisukumwe kwa wilbaro. Jembe liwe na mpini mrefu.

Mkulima anayemlipa kibarua wa pili siku ya kupakia huona kama anapoteza pesa. Lakini akiumia yeye mwenyewe, atalipa vibarua kwa wiki kadhaa, atalipa matibabu, na huenda palizi ikampita. Gharama ya mgongo na iandikwe daftarini kabla ya mavuno kuanza.