Je, Wajua? Goti Lililolika Lina Tiba

Je, wajua kwamba upasuaji wa mifupa si jambo geni Kisii na Nyamira? Zamani, waganga wa jamii ya Abagusii ya huko, waitwao ababari, walifungua fuvu kutibu majeraha na maumivu sugu ya kichwa.

Leo, goti ambalo gegedu lake limelika lina njia tatu kuu za upasuaji:

• Kukata na kunyoosha mfupa, hasa kwa wenye umri mdogo.
• Kubadilisha upande ulioharibika pekee.
• Kubadilisha goti zima kwa chuma na plastiki. Takriban magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu miaka 25.

Mazoezi, kupunguza uzito na dawa hutangulia upasuaji. Wewe mchuma chai unayepanda vilima kwa maumivu, muone daktari wa mifupa mapema.